Majani ya Hester Hayapigi Gwaride

Asubuhi hii ya ukungu, Hester Clutterbuck amelala chali juu ya jukwaa la mbao, pua yake karibu iguse dari. Anakandamiza kwa kidole gumba chokaa laini iliyochanganywa na nywele za mbuzi, na jani la mwaloni linatokea. La pili linatoka limepinda.

"Hilo limelewa," anasema, kisha anacheka peke yake. "Acha lilewe."

Fundi lipu huyu wa miaka sitini na moja anakarabati dari ya sebule ya jirani yake, Bibi Averil Hanks, katika kijiji cha Upper Wenbury, Uingereza. Nyumba hiyo ilijengwa na watu waliochukia vitu vya kiwandani. Makomeo yamefuliwa kwa nyundo, na milango imeshikwa kwa vigingi vya mbao, bila msumari hata mmoja. Majira ya baridi maji yalipenya paa, kipande cha dari kikaanguka pamoja na majani ya chokaa yaliyoipamba.

Kazi hiyo nusura imshinde. Baridi yabisi imekunja vidole vyake, na kuna siku kufunga kifungo cha koti ni vita. Kabla ya Pasaka alibandika tangazo kwenye dirisha la duka la kijiji: zana za lipu zinauzwa. Dari hii ingekuwa ya mwisho.

"Niliogopa kuaibika," anakiri. "Nikatengeneza kalibu moja, nikatoa majani yote humo, nikayapanga. Safi kabisa! Lakini haraka haraka haina baraka."

Bibi Averil aliingia na chai, akaiweka chini, akatazama juu.

"Hester, mpenzi, mbona yamepiga gwaride?"

"Ulitaka yafanyeje, yacheze dansi?"

"Ndiyo. Kama wenzao. Hebu tazama."

Hester akatazama. Katika majani ya zamani hayakuwepo mawili yaliyolingana, na kila moja lilibeba alama ya kidole gumba cha fundi aliyekwisha kufa. Ilimuuma sana. Siku hiyohiyo akabandua kazi yake yote.

"Nikamwambia, Averil, vidole vyangu havinyooki tena. Akanijibu, kwani nani amekuomba uvinyooshe?"

Adhuhuri jani la mwisho linakaa mahali pake. Bibi Averil anaingia na vikombe viwili, anatazama kwa muda mrefu.

"Si mabaya," anasema.

Hester anageuka kufuta macho, maana Upper Wenbury sifa hazipandi juu ya hapo. Anashuka polepole. Kasisi naye anamtaka aitazame dari ya ukumbi wa kanisa, na amekwisha kukubali. Anachukua koti.

"Na chai?"

"Ifunike. Nakimbilia dukani kubandua tangazo, mtu asije akanunua mwiko wangu."

Bibi Averil anatia mkono katika mfuko wa aproni, anatoa karatasi iliyokunjwa.

"Hili? Nililibandua siku ile ulipobandua majani."

"Mwizi mkubwa wewe!"

"Kaa unywe chai, Hester. Jumatatu una kazi kanisani."