Kiatu Kimoja cha Mbao

Jumamosi tulimzika Baba Mdogo, na katika sanduku lake la nguo nikaona kiatu kimoja cha mbao.

Nilikuwa mtoto aliposhuka kwenye treni Malaba, akitoka likizo kwa rafiki yake Japani. Alinuka moshi, na miguu yake iligonga saruji ko, ko, ko. Siku ya mwisho huko alikuwa ametoka mbio na viatu vya mbao vya mwenyeji wake, vyake akaviacha mlangoni.

"Utavifuata?" nikauliza. Kwetu tuliamini mgeni akisahau kitu atarudi, na mimi nilidhani Japani iko baada tu ya kituo cha Tororo.

"Labda, mama," akacheka.

Nilivificha vile vya mbao ghalani, ndani ya nafaka ya wimbi, asiende tena. Alivipata, akanipa kimoja, cha pili akabaki nacho.

"Kaa na hiki. Nitasafiri vipi na kiatu kimoja?"