Bei ya Kufungua Mlango

Nakumbuka mlango mmoja wa bati pale Gerezani, mwanangu, na kila nikiukumbuka siwezi kutulia kwenye kiti. Ulikuwa mzito, umepinda chini, na ukiusukuma unalia hadi watu wa relini wanageuka. Shule yangu iliishia darasa la nne. Hesabu iliyobaki nilifundishwa na mlango ule.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini hivi, na biashara za watu binafsi ndiyo kwanza zilikuwa zinafunguka. Shangazi yangu, Bi Mgeni, aliuza khanga kwa jumla Kariakoo. Duka lenyewe lilikuwa dogo, mtu akipiga chafya anagonga ukuta, kwa hiyo mzigo ulikaa Gerezani kwenye godauni la kupanga. Kodi ya godauni ilikuwa ndogo. Mwenye godauni hakujali umeweka marobota mawili au ishirini. Gharama ilikuwa kwa wachukuzi. Wao walilipwa kila mlango ulipofunguliwa: kusukuma lile bati, kushusha marobota, kutafuta unachotaka, kuyarudisha. Uwe umetoa robota zima au umechungulia tu, malipo ni yale yale.

Shangazi akasafiri kwenda Unguja kufuata mzigo, akaniachia duka mwezi mzima. Kabla hajaondoka aliniuliza nadhani gharama za mwezi zitafika kiasi gani. Nikapiga hesabu ya kodi ya godauni, nikamtajia. Akaniangalia. Akajitanda khanga yake, akaenda zake.

Sasa wewe unaijua Kariakoo. Watu huku wanauliza kama wanavyovuta hewa. Anapita mnunuzi wa Morogoro: ile khanga yenye jina la "Nimekaa kwangu usinihamishe" bado ipo? Zimebaki korija ngapi? Korija ni khanga ishirini, siku hizi neno hilo wengi hamlijui. Mimi niliona aibu kusema sijui. Nikamtuma mchukuzi Gerezani akahesabu. Muda si mrefu akaja wa Mtwara kuuliza jina lile lile, nikatuma tena, nikihofia hesabu imebadilika. Na marobota hatukuwa tumeandika nje kilichomo ndani, kwa hiyo kutafuta jina moja ilikuwa kushusha yote. Nusu ya waliouliza hawakununua hata kipande. Walitaka kujua tu. Nami nikajiona mfanyabiashara kamili, duka langu halikosi jibu. Kutwa nzima niko mlangoni, shingo nje, namngoja mchukuzi arudi, sikai, sili, nikidhani huo ndio uchapakazi.

Shangazi aliporudi hakunipigia kelele. Afadhali angepiga. Aliketi na Mzee Shomari, mkubwa wa wachukuzi, wakanywa kahawa, mzee akamweleza mwezi ulivyokwenda. Kisha akaniita mbele yake yule mzee, maana aibu nayo ni mwalimu.

"Salma," akasema, "mwezi huu umeuza khanga, au umeuza kufungua mlango?"

Faida yote ilikuwa imeingia mikononi mwa Mzee Shomari na wenzake, na hakuna aliyeiba. Waliifanyia kazi kwa migongo yao. Nikajikaza nikasema kwamba kuuliza si ujinga, na mimi ningewanyimaje watu jibu.

"Kuuliza si ujinga," akasema. "Kujibu bila kujua jibu limekugharimu nini, huo ndio ujinga wenyewe."

Kesho yake akaninunulia chaki. Kila robota likaandikwa ubavuni. Mlango wa Gerezani ukawa unafunguliwa mara moja, asubuhi, tunahesabu, na hesabu naiandika nyuma ya mlango wa duka: jina fulani, korija kadhaa. Tukiuza, nafuta napunguza. Anayeuliza anajibiwa kutoka kwenye chaki. Anayeng'ang'ania kuhesabiwa sasa hivi, aone kwa macho, anatajiwa bei ya kufungua mlango, alipe yeye. Mwanangu, watu waliposikia bei, hamu ya kujua iliwatoka. Tena Shangazi akapatana na Mzee Shomari mlango ufunguliwe mara hiyo moja kwa siku, na mara chache za dharura kwa mwezi juu yake. Zikiisha, Salma akituma mtu asifunguliwe, mpaka Bi Mgeni aje mwenyewe kwa miguu yake. Nilinuna wiki nzima.

Haya ya zamani nayachimbua kwa sababu ya mjukuu wangu Rukia, na mwenyewe ameniruhusu nikusimulie.

Rukia kasoma kompyuta, kasoma kweli kweli. Alitengeneza mpango wa wauzaji wa jumla wa Kariakoo: kila wanachouza wanakiingiza kwenye simu, na taarifa zinakwenda kukaa kwenye ghala la data. Nilipomuuliza ghala hilo liko wapi akasema mawinguni. Nikamwambia asinichezee. Akacheka, akasema ni mashine tu, ziko kwenye majengo ya kampuni nchi za mbali, unapanga kama sisi tulivyopanga Gerezani, na bili inakuja kila mwezi kwa dola. Kuweka ni bei ndogo. Kinachokula pesa ni kuuliza, maana kila swali linaiamsha mashine, na inakutoza kwa kadiri ya ilivyofanya kazi. Kwa mpango huo mwenye duka anajua bidhaa ipi inatoka, ipi imedoda, na mwezi ujao aagize nini.

Mteja wake mkubwa ni mtu wa Kilimanjaro anayeuza vyombo vya plastiki. Sisi sote tunamwita Mangi, kama tunavyowaita wenye maduka wengi wa huko kwao. Aliupenda mpango, akaleta na wenzake. Rukia akawapangia bei moja ya mwezi. Usidhani hakupiga hesabu. Alihesabu kuweka, akahesabu na kuuliza, akakisia kila duka litauliza mara mbili tatu kwa siku. Alichosahau ni kwamba hii ni Kariakoo.

Mangi akanunua runinga kubwa, akaitundika juu ya kaunta, mauzo yakawa yanabadilika mbele ya macho ya wateja. Kila dakika runinga inauliza upya. Na kila ikiuliza, ghala linashusha marobota yote tangu siku ya kwanza, ili lihesabu ndoo zilizouzwa leo. Wenzake walipoona, nao wakatundika za kwao. Ikawa fahari ya mtaa. Hata maduka yakifungwa runinga zinaachwa zinawaka, zinauliza gizani, na wa kusoma jibu hayupo.

Bili ya kwanza ilimshtua Rukia. Ya pili ilimnyima chakula. Alikuwa anakula amesimama jikoni kwangu hapa Ilala, simu mkono wa kushoto, macho kwenye tarakimu, tonge linapoa. Nikamwambia akae.

"Nikikaa inakula, Bibi. Nikisimama inakula. Hata sasa tunavyoongea inakula."

"Si uizime?"

"Nikiizima maduka hayaoni kitu. Watasema Rukia tapeli."

Nikadhani hajui dawa. Kumbe anaijua kuliko mimi nilivyoijua chaki. Alinieleza kwamba angeweza kupanga ghala lihesabu mara moja kila saa, jibu liwekwe pembeni, na runinga zote zisome hapo pembeni bila kulisumbua ghala. Taarifa zipangwe kwa siku, anayetaka za leo asifunguliwe za mwaka mzima. Pasipo mwulizaji, mashine ilale. Kazi hiyo kwake si ngumu. Kilichomshinda ni kwenda kwa Mangi. Alikuwa amemwahidi tarakimu za papo kwa papo kwa bei ile, na sasa anaona haya kumwambia mtu mzima kwamba bei ile haitoshi. Basi tofauti analipa mwenyewe, kimya kimya, kutoka kwenye akiba aliyoiweka ahamie chumba chake. Akiba ilikuwa imebaki ya bili moja. Ikiisha, kampuni inafunga ghala, na maduka yote yanaamka hayana taarifa zake. Na jina likichafuka Kariakoo, mwanangu, hakuna sabuni inayolitoa.

Ndipo nikamsimulia habari ya mlango wa bati. Alinisikiliza akitembea, kutoka dirishani hadi kwenye friji, kutoka kwenye friji hadi dirishani, mpaka mimi mwenyewe kichwa kikaanza kuzunguka. Nilipofika kwenye swali la Shangazi akasimama.

"Kwa hiyo wewe uliona aibu kusema hujui," akasema.

"Niliona. Na wewe unaona aibu kusema unajua."

Akaingia kwenye kazi yake, akaipanga yote, akaiacha tayari bila kuiwasha. Kisha akaniomba nimsindikize kwa Mangi.

Kariakoo ilikuwa imechemka kama kawaida yake, mikokoteni inakupigia kelele upishe, ukisimama unasukumwa, ukitembea unakanyagwa. Rukia alikuwa mbele yangu, kila hatua anaangalia simu. Mangi alinisalimu shikamoo kwa adabu, nikaitikia marahaba, kisha akamgeukia mwenzangu: "Leo mtaalamu kaja na mlinzi."

Rukia hakucheka. Akayasema yote kwa pumzi moja. Kwamba alikadiria vibaya. Kwamba runinga zinauliza kila dakika na kila swali linalipiwa. Kwamba kuanzia sasa tarakimu zitabadilika kila saa, kwa bei ile ile, na anayetaka za kila dakika atapewa, ila bei yake ni hii. Akamgeuzia simu.

Mangi akaitazama runinga yake, akaitazama simu. "Kwa hiyo ndoo ikitoka hapa saa nne, mimi nitaambiwa saa tano?"

"Ndoo ikitoka hapa saa nne, wewe ndiye uliyeipokelea hela, Mangi."

Vijana wa dukani wakageukia ukutani kuficha kicheko. Mimi nilifunga mdomo, na kwangu hiyo si kazi ndogo. Mangi akaisoma ile bei tena, akiifuata kwa kidole kama anayekagua noti.

"Na tofauti ya miezi hii kalipa nani?"

"Mimi."

"Na hukusema."

"Sikusema."

Mangi akamrudishia simu. "Mimi fuso likisubiri hapo nje na mzigo, nalilipia kusubiri. Ungeniambia mapema ningelizima hili dude siku hiyo hiyo. Sasa mtu anayenificha hasara yake, kesho si atanificha na yangu?"

Neno hilo lilimchoma Rukia kuliko bili zote.

Mangi alikubali ya kila saa. Ya nyuma hakumrudishia hata senti. Alisema hiyo ni ada, binti keshasoma. Mwenye duka mmoja wa mtaa wa pili alijitoa kabisa, akasema yeye aliahidiwa papo kwa papo, na ukweli ni kwamba aliahidiwa. Wengine wakabaki. Runinga ya Mangi siku hizi inaonyesha mpira.

Akiba ya chumba haijarudi, kwa hiyo Rukia bado analala chumba cha uani kwangu. Ila ameweka kengele kwenye simu: matumizi yakikimbia kuliko siku za mwezi, inalia. Juzi tuko kwenye chakula, ikalia. Nikalisikia lile bati la Gerezani masikioni. Akainuka, akasoma, akapiga simu papo hapo kwa mwenye duka mmoja. Nikamsikia anasema, "Dada, naona mauzo ya mwaka mzima yameulizwa mara nyingi asubuhi hii, ni wewe? Hapana, si kosa. Ina bei yake tu, nimeona nikwambie mapema." Wakacheka kidogo, wakaagana. Akarudi, akavuta kiti, akakaa. Wali ulikuwa bado wa moto.

Basi mwanangu, shika hili. Ukikadiria gharama, ya mawinguni au ya Gerezani, usihesabu mahali pa kuweka ukadhani umemaliza. Hesabu na watakaokuja kuuliza, na uwahesabu kama walivyo, usiwahesabu kama unavyopenda wawe. Jibu linalotakiwa na wengi litafute mara moja, liandike pembeni, wasome hapo. Weka kikomo cha mwezi, na kikomo hicho kiwe na ubavu wa kukukatalia hata wewe, maana siku ya kujionyesha hutajikataza. Haba na haba hujaza kibaba, sikatai, lakini haba na haba hukimwaga vile vile, na hukimwaga bila kelele. Mali bila daftari huisha bila habari. Wazee hawakusema hivyo kwa kukosa la kusema.

Na ukiona umekosea makadirio, nenda ukaseme. Usingoje akiba iishe, usingoje tarakimu zikusemee. Mficha uchi hazai, na mfanyabiashara anayeficha hasara hakui. Watakaoondoka wataondoka. Watakaobaki watakuwa wanakujua.

Haya, nenda, kazi zinakungoja. Mungu akufungulie milango uliyo na haja nayo, akupe mkono wa kuifunga ukishatoka, na bili ya mwezi ikukute umekaa, sahani iko mbele yako, unakula.