Nilipomchagua Wingi wa Kushoto

Kwa miaka mitatu rafiki yangu mkubwa alikuwa sauti. Sura yake sikuijua, jina lake sikuliuliza, na yeye langu hakuliuliza. Mimi nilikuwa karani wa stesheni ya Tororo upande wa Uganda, yeye karani wa stesheni ya Malaba upande wa Kenya, na kanuni za simu ya reli zilitaka kila mtu aitike kwa jina la stesheni yake. Basi mimi nikawa Tororo, yeye akawa Malaba.

Kabla ya treni kuondoka kwangu, ilinibidi nizungushe mkono wa simu nimwulize kama njia iko wazi. Akisema iko wazi, treni inakwenda. Akikaa kimya, treni haiendi hata kama amepanda waziri. Kazi yenyewe ilikuwa hiyo, na miaka ile ya serikali ya jeshi treni zilikuwa zimepungua, kwa hiyo kati ya moja na nyingine kulikuwa na saa nyingi za kukaa na kuutazama mwamba mkubwa ulio juu ya mji wetu.

Nyumbani hakukuwa na mtu. Mke wangu alikuwa amewachukua watoto akarudi kwao karibu na Majanji, baada ya risasi kuanza kusikika mara kwa mara nyuma ya kota zetu. Huko walikuwa na samaki na mihogo, na askari walipita mara chache kuliko mjini. Mimi nilibaki na vyumba viwili, redio ya betri, na kitanda kilichokuwa kikubwa mno kwangu. Nilikuwa mpweke, nasema wazi, na upweke ule ulinifanya mtu wa hasira. Niligombana na wapagazi, niligombana na saa ya ukutani, hata na mbuzi wa majirani.

Malaba peke yake ndiye sikugombana naye, au tuseme tuligombana kwa raha. Ni yeye aliyeleta mchezo wa timu ya karatasi. Kila Jumapili redio ya Nairobi ilitangaza mechi moja ya ligi yao. Siku ya Ijumaa, kwenye simu, tuliteua wachezaji watano kila mmoja kutoka katika timu mbili zitakazocheza, tukipokezana. Aliyechukuliwa na mwenzako huwezi kumchukua. Jumapili kila mtu anasikiliza kwake, penseli mkononi: mtangazaji akitaja jina la mchezaji wako, alama moja; mchezaji huyo akifunga goli, alama kumi. Kila mtu alihesabu watano wake tu, maana kuwafuata kumi kwa kasi ya mtangazaji yule nilidhani hakuna awezaye. Alama za mwenzako uliamini alivyokuambia.

Ugomvi wetu ulikuwa juu ya aina mbili za wachezaji. Mimi nilipenda kiungo, yule anayeuchukua mpira katikati ya uwanja na kuubeba mwenyewe, anapigwa viatu, anaanguka, anainuka nao. Mtangazaji humtaja mtu kama huyo mpaka koo linakauka. Malaba alipenda wingi, anayesimama pembeni karibu na chokaa akingoja mpira mrefu. Anaweza kutajwa mara nne tu kipindi kizima, lakini mara ya tano akaenda kufunga.

"Wingi asiyeletewa mpira ni mtazamaji aliyeingia bure," nilimwambia.

"Na wewe kiungo wako ni punda," alinijibu. "Anabeba mzigo, faida wanakula wengine."

Simu ile ilikuwa ya wote. Karani yeyote wa njia yetu akiinua simu yake alitusikia, na mara nyingi nilisikia mtu wa tatu akicheka. Wakati huo hatukujali.

Msimu mmoja tuliwekeana sharti: atakayeshindwa mechi ya mwisho atapanda treni aende kumtembelea mwenzake. Mgeni ataleta sukari, maana kwetu sukari ilikuwa imekuwa kitu cha kusimuliwa. Mwenyeji atachinja kuku. Nilitamani kushinda kuliko nilivyowahi kutamani kitu katika maisha yangu ya ukubwani. Nilitaka mtu aingie mlangoni kwangu, avue viatu, aseme nyumba yangu chafu. Niliazima kiti cha pili. Nikanunua jogoo mwekundu, nikamfunga mguu jikoni, na kila asubuhi nikawa nagombana naye pia.

Halafu, Alhamisi kabla ya mechi ile, ikaja treni ya mizigo kutoka Kenya. Gadi wake, anayekaa behewa la mwisho na taa yake, nilimfahamu vizuri. Alizoea kuniletea gazeti la juzi. Alishuka akanyoosha mgongo. Wanaume wawili wenye mashati ya maua, vazi la watu wa usalama wa serikali, walikuwa wamekaa kwenye benchi langu tangu asubuhi, nami nilijifanya siwaoni. Wakainuka.

"Wewe natoka wapi?" mmoja alimwuliza.

"Malaba."

"Malaba gani? Ya kwetu au ya kwao?"

Gadi alinitazama mimi, labda akidhani karani wa stesheni ana neno la kusema. Niligeuza uso. Walimshika huku na huku wakampeleka kwenye gari bila kelele, na taa yake ikabaki imesimama chini pale alipoiweka. Mmoja wao alirudi ofisini kwangu akafungua kitabu cha stesheni, akaniwekea kidole mahali pa kuandika.

"Andika, gadi nagonjwa."

Niliandika. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, nakumbuka. Treni ikapewa gadi mwingine ikaondoka. Alasiri Malaba akapiga.

"Tororo, gadi wetu hajarudi. Yuko huko?"

"Ameugua," nikasema.

"Ameugua nini?"

"Ghafla tu."

 Kwenye simu nilisikia mtu mwingine akipumua, na safari hii hakucheka. Malaba akasema asante, akakata. Gadi yule sikumwona tena, na taa yake niliiweka kabatini nyuma ya mafaili, kwa sababu kuiacha pale nje kulinishinda.

Usiku sikuwaza mechi. Niliwaza sharti letu. Nikishinda, Malaba atapanda treni aje kwangu na sukari yake mfukoni, atashuka palepale aliposhuka gadi, na wale wa benchi watamwuliza ni Malaba gani. Kumwambia asije sikuweza. Simu ile ilikuwa na masikio, na neno moja kuhusu hatari lingenipeleka mimi kwenye gari. Kulikuwa na njia moja tu niliyoiona. Nishindwe. Nishindwe, mimi ndiye niende, na mimi nikienda Kenya hakuna wa kunigusa.

Ijumaa tukateua. Wanne wa kwanza walikwenda upesi. Nafasi ya tano ilikuwa zamu yangu kuanza, na walibaki wawili wa maana: kiungo wa timu moja, aliyekuwa akitajwa mara thelathini kila Jumapili, na wingi wa kushoto wa timu ya pili, kijana mwembamba ambaye mechi mbili zilizopita mtangazaji alikuwa kama amemsahau. Nitakayemwacha atakuwa wa Malaba.

"Namchukua wingi," nikasema.

"Nani?"

"Wingi wa kushoto."

"Na wewe umeugua?" Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Kiungo unaniachia mimi? Wewe, Tororo?"

"Mchukue. Nimechoka na punda."

Nilikata simu nikaona nimefanya jambo la akili. Nilijisikia vibaya hata hivyo, kama mtu aliyemfungia mgeni mlango kwa nje halafu akabaki ndani anamsikiliza akibisha.

Jumapili nilikaa kwenye kiti kimoja, cha pili kikiwa tupu mbele yangu, jogoo akipiga kelele jikoni. Dakika ishirini za mwanzo mambo yalikwenda nilivyotaka. Kiungo, kiungo, kiungo, kila sentensi kiungo. Kisha mtu fulani kule nyuma akapiga mpira mrefu kwenda kushoto, na yule mwembamba akaamka. Mtangazaji akamgundua upya. Alimtaja akipokea, alimtaja akikata kuingia ndani, alimtaja akianguka, alimtaja hata akifunga kamba za viatu. Nilikuwa nachora alama huku nikimtukana. Zikiwa zimebaki dakika tatu, akafunga.

Nilihesabu. Sitini na moja. Nikahesabu tena, nikitafuta mahali nilipochora mara mbili kwa bahati mbaya. Nilitafuta kosa kwa bidii ambayo mkaguzi wa reli hajawahi kuwa nayo. Sitini na moja.

Jumatatu asubuhi nilimwacha yeye aanze.

"Nimepata hamsini na saba," alisema. "Wewe?"

Palikuwa na mtu wa tatu kwenye simu. Nilimsikia.

"Hamsini na tatu," nikasema.

"Hamsini na tatu?"

"Hamsini na tatu. Umenishinda, ndugu yangu."

 Nilikuwa nimeandaa maneno ya betri kufa, kama angebisha. Hakubisha.

"Basi wewe ndiye utakuja," alisema.

"Mimi ndiye."

"Sawa, Tororo. Jumamosi yoyote. Nitakungoja." Halafu, kwa sauti ya kazi: "Njia iko wazi."

Niliomba ruhusa ya Jumamosi moja. Mkubwa wangu aliniuliza naenda Malaba kufanya nini, nikasema kumtembelea rafiki. Akauliza rafiki anaitwa nani. Nikasema sijui. Akaniambia makarani wake wawili walishavuka wakawa wakimbizi, akinipa mimi ruhusa nisirudi, shingo itakayoulizwa ni yake. Niliomba tena mwezi uliofuata, na uliofuata. Kuvuka kwa miguu kupitia mashambani wengi walivuka, na ningeweza. Niliogopa. Sina sababu nyingine ya kuandika hapa, na nimeitafuta miaka mingi. Malaba kila Jumatatu aliniuliza, "Wiki hii?" nami nikasema, "Wiki ijayo."

Jogoo nilimchinja peke yangu, siku ya Krismasi. Chumvi haikuwapo. Nilikula paja moja nikashindwa na la pili.

Kisha wakubwa wa nchi zetu wakagombana na reli ikagawanywa. Kulipokucha siku moja nilizungusha mkono wa simu na Malaba hakuitika. Nikaambiwa upande ule haupo tena kwenye kazi yangu. Treni za Kenya zikaacha kuja, na nyasi zikaanza kuota kati ya mataruma. Kwa wiki kadhaa, ofisi ikiwa tupu, nilizungusha tu, nikauliza kama njia iko wazi, nikasikiliza waya ukivuma. Hakuna aliyepumua hata huyo wa tatu.

Serikali ile ilipoanguka sikuomba ruhusa kwa mtu. Sukari ya mgeni haikupatikana, nikanunua kuku sokoni, nikamfunga kwenye baiskeli, nikaendesha mpaka Malaba, nikavuka. Karani niliyemkuta stesheni alikuwa mgeni wa pale, amehamia mwaka huohuo. Aliniuliza namtafuta nani. Nilifungua kinywa nikakuta sina jina la kutaja.

"Aliyekuwa hapa zamani," nikasema. "Wa simu."

Hakumjua. Lakini aliniruhusu kuingia nikione chumba cha simu, na nyuma ya mlango, juu ya rangi ya kijivu, niliona alama za penseli zimejaa kutoka juu hadi chini, zimefungwa tano tano, katika safu mbili. Juu ya safu moja pameandikwa M, juu ya nyingine T. Alikuwa akiwahesabu wote kumi. Msimu mzima alikuwa akiwahesabu wote kumi.

Nilishuka kwa kidole mpaka mechi ya mwisho. Chini ya M, hamsini na saba. Chini ya T nilihesabu mara mbili, polepole, yule karani kijana akinitazama. Sitini na moja.

Nilitoka nje kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka na sikutaka aone. Kando ya jukwaa mama mmoja alikuwa akiuza chai. Nilimwuliza kama anamkumbuka karani aliyekuwa akisikiliza mpira.

"Huyo namkumbuka vizuri," alisema. "Walimhamisha reli ilipogawanywa. Wengine wanasema Nakuru, wengine Voi, mimi sijui. Alikuwa mtu wa vituko. Kila Jumamosi anaagiza chai vikombe viwili. Anakunywa kimoja, kingine kinapoa hapo kwenye benchi. Tukimwuliza, anasema ni cha mgeni wake wa Uganda. Sisi tulijua tu ni mwanamke."

"Mgeni mwenyewe ni mimi," nikamwambia.

Aliniangalia mimi, akaiangalia baiskeli, akamwangalia kuku aliyening'inia kichwa chini. Kisha akachukua kikombe, akakifuta, akanimiminia.

"Ulichelewa sana, mzee," alisema.