Tone Alilotiwa Mwanangu Kabla ya Sindano

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilipomshuku mtu mwema kwa sababu mtoto wangu hakulia. Usicheke. Ngoja nikueleze.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nakaa Chaani na mume wangu, mpakiaji wa mizigo bandarini. Athumani, kifungua mimba wangu, alizaliwa miezi miwili kabla ya wakati. Kisigino chake kilikuwa sawa na kokwa ya ukwaju. Akalazwa wadi ya watoto njiti katika hospitali moja ya upande wetu, ndani ya sanduku la kioo lenye joto, mrija puani.

Kila asubuhi muuguzi mmoja, Sista Mwende, alimchoma kisigino apate damu ya kupima. Akina mama tulitolewa nje. Siku mbili za kwanza nilisikia kilio chembamba kinachokata maini. Siku ya tatu nikachungulia dirishani. Nikamwona sista anachukua bomba dogo lisilo na sindano, anamdondoshea mtoto kitu ulimini, anangoja kidogo, ndipo anamchoma. Athumani akakunja uso tu, akanyonya ulimi wake.

Sasa niambie wewe, mtoto achomwe asilie? Nikasema moyoni, huyu analeweshwa.

Usilolijua ni usiku wa giza, na mimi katika giza lile nilianza kuona majini. Damu hii ya kila siku yapelekwa wapi? Na maziwa je? Nilikuwa nikikamua kikombe, lakini mtoto alipolishwa kwa mrija naona yamepungua, kiasi cha kijiko hivi. Jicho la mwenye shaka ni mizani. Tena sista mwenyewe alikuwa mtu wa bara, Kiswahili chake cha haraka haraka, na hilo nalo nikalihesabu kuwa ushahidi. Mola anisamehe.

Sikumuuliza. Nilikwenda kwenye benchi la kukamulia maziwa nikawanong'oneza wenzangu: "Kikulacho ki nguoni mwako, jamani. Watoto wetu wanatiwa dawa ya usingizi." Kesho yake tulikuwa wanne mlangoni, mimi mbele, nikasema hatutaki watoto wetu watiwe tone la kitu chochote mdomoni. Sista akafungua kinywa aeleze. Nikamkata: "Hatutaki maneno."

Akainamisha kichwa. "Sawa, mama."

Siku hiyohiyo dripu ya Athumani iliziba, ikabidi achomwe upya mkononi. Nikagoma kutoka, nibaki nimlinde. Mshipa haukupatikana. Mwanangu, alilia mpaka sauti ikamwishia. Mikono na miguu ikatapatapa kama ya mtu anayeanguka asiye na cha kushika, midomo ikageuka rangi, na mashine ya kando ikaanza kupiga kelele. Sista aliiacha sindano, akamkumbatia kwa viganja viwili, kimoja kichwani, kimoja akikunjia miguu tumboni, akisema naye polepole hadi pumzi ikarudi. Na hata hapo, wallahi, nilichokiona mimi ni mikono inayombana mwanangu.

Mchana akaja shangazi yangu, Bi Rukia wa Mtongwe, mwalimu wa madrasa, mtu wa maneno machache. Nilimwamkia, nikamwaga yote, nikitaraji tukamshtaki sista pamoja. Alisikiliza hadi mwisho.

"Umemuuliza ni kitu gani?"

"La, shangazi. Kwani angesema kweli?"

"Sikukuuliza angesemaje. Umemuuliza?"

"Sikumuuliza."

"Basi wewe hukumlinda mwanao. Umelinda dhana yako."

Akanishika mkono hadi kwa sista, akamtaka radhi kwanza, ndipo akauliza. Sista akachukua bomba lake dogo, akanidondoshea tone kiganjani. "Onja, mama." Nikaonja. Yalikuwa maziwa.

"Ni yako," akasema. "Huwa nabakisha kidogo kwa yale unayokamua. Mtoto akionja maziwa ya mamake, uchungu wa sindano unampungukia. Hayamleweshi. Lakini na mimi nilikosa, sikukuambia. Wauguzi tuko wawili kwa wadi nzima."

Sikujua uso wangu niuweke wapi.

Kesho yake hakunitoa nje. Alinikalisha kitini, akamlaza Athumani kifuani pangu, ngozi kwa ngozi, leso juu yetu. Nikamdondoshea maziwa mimi mwenyewe, nikamfunika kichwa kwa kiganja, miguu nikaikunja kama alivyonionyesha. Sindano ikaingia. Athumani aliguna mara moja, kama mzee aliyeamshwa, akaendelea kunyonya ulimi. Aliyelia ni mimi.

Kisha nikarudi kwenye benchi. Kulifuta neno ni kazi kuliko kulisema. Wawili walinielewa. Wa tatu alikataa mpaka siku waliyoruhusiwa kwenda nyumbani, na kila mtoto wake alipotoa kilio kile chembamba, nilijua ni mimi niliyekitia pale.

Athumani alitoka mzima. Leo ana ndevu, na wewe mkewe umekaribia kujifungua, ndiyo maana nasema haya.

Sikwambii usishuku. Mimi hata leo nashuku. Akija mtu na kichupa karibu na mjukuu wangu nitakitazama mara mbili. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Lakini shaka yako ipeleke kwa mwenyewe kabla hujaipeleka kwa jirani. Uliza: hiki nini, cha nini, naweza kumshika mimi? Usiporidhika, uliza mwingine. Na mtoto mchanga yuaumwa kama wewe, ila hana maneno. Sindano ikilazimu, omba umpakate kifuani, umwonjeshe maziwa yako, umkusanye kwa viganja vyako mpaka imalizike. Usiwe mtazamaji wa uchungu wa mwanao.

Haya, mwanangu. Mwenyezi Mungu akulindie kizazi chako, akupe jicho la kuona na kinywa cha kuuliza, na awatilie baraka katika mikono yao wote watakaomgusa mwanao. Amin.