Sikuzichoma Picha Zangu

Nilikuwa na picha sitini na tatu, na sikuiba hata moja. Mjomba wangu alikuwa akikata tikiti mlangoni kwa sinema moja kule kisiwani. Zilipokuja sinema za kusema, mwenye sinema aliamuru picha za matangazo ya vile vichekesho vya kimya, zilizokuwa zikibandikwa mlangoni kuvuta watu, zitupwe jaani. Mjomba akaniletea mimi, mtoto mdogo. Ugonjwa wa kukusanya picha ukanishika hapo. Miaka ya vita ilinikuta mwanamwali wa Frere Town, ng'ambo ya kisiwa hicho, kila duka la vitu vikuukuu naingia kuuliza kama wana nyingine.

Basi wakaja watu wa uamsho. Desturi yao, mwenye hirizi huileta uwanjani kwa kanisa, huiinua watu wote waione, huungama, kisha huitia motoni. Mzee mmoja wa kanisa akasikia habari za kasha langu la picha. Ati watu wanaofumbua vinywa bila sauti ni mapepo! Mama akanililia, "Mwanangu, zipeleke, tusiaibike." Nikazipeleka.

"Inua," mzee akaniambia.

Nikainua ya juu: bwana mnene amekwama dirishani, suruali imemshuka, mbuzi anaitafuna. Watoto wakacheka kwanza, kisha wanakwaya. Nikainua ya pili, polisi wanane juu ya baiskeli moja. Lo! Hata aliyekuwa akiungama uchawi wake alijishika mbavu.

"Tupa!" mzee akafoka.

"Baba, kwa heshima yako, niungame nini? Hirizi hufichwa. Hizi zilibandikwa mlangoni, mchana kweupe."

"Tupa, au utatengwa na Meza ya Bwana."

Ndiyo kwanza nilikuwa nimepata kipaimara na kuruhusiwa Meza hiyo. Lakini nikafunga kasha langu.

"Nitengeni. Sichomi."

Wakanitenga kweli. Jumapili iliyofuata nilikaa benchi la nyuma kabisa, la waliotengwa, peke yangu, shingo juu. Hata leo sijutii, na anayetaka nitubu atangoja sana. Watu walipoinuka kwenda mezani, Mama naye alitoka katika safu ya wanawake, nikadhani anakwenda mbele na wenzake. Akaja nyuma, kanisa zima likimtazama, akasimama ubavuni pangu.

"Sogea," akasema, akaketi.