Betri Zilipokufa, Nikaandika Mbunge Kanyamaza

Nakumbuka siku moja, mwanangu, wakati wa likizo ya bunge, nilipita soko la samaki hapa Kisangani na daftari kwapani, kifua kimetangulia mbele hadi vifungo vya shati vikawa vinaomba msamaha. Kesho yake mbunge wetu alikuwa anashuka Bangboka kwa ndege, na keshokutwa angekaa mbele yetu katika ukumbi wa parokia atueleze alichokifanya huko Kinshasa. Na mimi, kijana wa miaka ishirini na sita niliyepata diploma yangu kwa masomo ya jioni, ndiye niliyepewa kazi ya kusimama wa kwanza na kusoma kila neno alilolisema bungeni na kila neno alilolimeza.

Daftari lenyewe halikuwa wazo langu, usije ukanipa sifa nisizostahili. Zile ninazostahili zinanitosha kujaza mitumbwi miwili. Wazo lilikuwa la Mama Lituka, muuza samaki, mwenyeji wa Yanonge, mama mnene mwenye sauti ya kuita mtu kutoka ng'ambo ya mto. Kaka zake walikuwa wavuvi. Walimletea samaki kwa mtumbwi wa mashine, na njiani kulikuwa na vizuizi vinne vya ukaguzi. Kila kizuizi kilikuwa na watu wake, na kila watu walitaka kuona karatasi zilezile, wakizigeuza huku na huku kana kwamba zimeandikwa na malaika. Jua linapanda, samaki wanangoja. Mtumbwi ukifika Kisangani, harufu imeshafika nusu saa kabla yake.

Wakati wa kampeni, mheshimiwa alisimama ukingoni mwa mto, penye mitumbwi, akanusa mwenyewe, akasema: "Mkinituma bungeni, nitamuuliza waziri juu ya vizuizi hivi." Akina mama wakamwimbia, wakamchagua. Na alipoondoka tu, Mama Lituka akanishika mkono.

"Donc, weye uliyesoma," akaniambia, "utatusikilizia redio. Akisema, andika. Akipiga kura, andika. Akirudi, tutamusomea yote, mbele ya watu."

Nikakubali kabla hajafunga mdomo. Nikanunua daftari la kurasa mia mbili, nikachora mistari kwa rula: siku, jambo lililojadiliwa, amesema au amenyamaza, kura ya ndiyo au hapana. Mistari ilinyooka hivi kwamba mwalimu wangu wa jioni angelia kwa furaha.

Taabu ilikuwa redio. Redio yangu ilikula betri kama mtu aliyetoka kufunga siku arobaini. Umeme katika mtaa wetu ulikuwa mgeni wa mwaka. Ukija unaondoka bila kuaga. Basi nikawa naanika betri juu ya bati zipate jua, nazigeuza kama mihogo. Zikikataa, naziuma kwa meno ili zitoe tone la mwisho. Magego mawili niliyopoteza ujanani, naamini mpaka leo, niliyala pamoja na mijadala ya bunge.

Na siku betri zilipokufa kabisa, nilifanya nini? Hapo ndipo nataka unisikilize vizuri. Mstari ulikuwa pale, umechorwa kwa rula, na ulikuwa mtupu. Mstari mtupu ulinichoma macho. Nikafikiri: huyu mtu jana hakusema, juzi hakusema, leo ataanzia wapi? Nikaandika "amenyamaza." Nikalala vizuri. Wiki iliyofuata nikafanya tena, na safari hiyo hata sikufikiri.

Kura nazo! Huko bungeni mara nyingi wananyosha mikono, na redio haina macho. Chama chake kikisema ndiyo, nami naandika ndiyo, bila kujua kama mkono wake ulipanda, ulishuka, au ulikuwa umeshika sandwichi kule nje.

Kibaya zaidi, nilikuwa nimeshajisifu mjini. Niliwaambia waendesha toleka, wale wanaobeba abiria kwa baiskeli, na hao hupeleka habari upesi kuliko redio zote. Niliwaambia wanakwaya. Mbuzi wa jirani nadhani nao walijua: bwana mdogo ana daftari, na mheshimiwa ataaibika.

Basi siku ile niliyotangulia kukutajia, nilifika mezani kwa Mama Lituka kumsomea kazi yangu, ili akina mama wajiandae. Alikuwa anapanga samaki wa moshi. Mbele yake alisimama Kambale, mfanyabiashara kutoka Kivu ya Kaskazini, mwenye duka la betri na tochi karibu na soko kuu, anachagua kitoweo kwa uangalifu wa mtu anayechagua mke. Nikasoma kwa sauti ya mahakamani. Siku tisa amesema. Siku kumi na saba amenyamaza. Juu ya vizuizi vya mtoni: hakusema hata neno.

Mama Lituka akaacha samaki. "Hata neno?"

"Hata kikohozi, mama."

Kambale akageuka, samaki mkononi. "Miye nilimusikia," akasema.

"Ulimsikia nani?"

"Onorable. Aliongea vizuizi vya mto. Ile siku mvua kubwa ilinyesha, duka langu likaingia maji. Aliongea kidogo, halafu wakamukata mikro. Waziri akasema atajibu."

Nikacheka kicheko cha msomi. "Ndugu Kambale, mimi ndiye ninayeandika. Siku hiyo hapa iko: amenyamaza."

"Profesa," akasema Kambale taratibu, "miye redio yangu iko kazi asubuhi mpaka jioni. Niko na betri kuliko weye uko na mistari. Na weye, kesho yake, asubuhi mapema, si ulikuja kwangu kutafuta betri? Ulisema zako zilikufa tangu juzi. Ulinionyesha mpaka alama za meno."

Mwanangu, akina mama wa soko zima walicheka. Walicheka hadi mmoja akakalia kapu lake la mayai. Na kama si mayai, basi lilikuwa la nyanya. Mama Lituka peke yake hakucheka. Alipangusa mikono kwenye kitambaa chake, akasema, "Leta hapa."

Hakujua kusoma sana, lakini vidole vyake vilijua mstari ni nini. Akaweka kidole kwenye neno "amenyamaza" la kwanza.

"Hapa, weye ulikuwa wapi?"

Nikafikiri. "Nyumbani, mama. Betri..."

Kidole kikashuka. "Na hapa?"

"Nilikwenda Banalia, kwenye matanga."

"Na hapa?"

Tulishuka hivyo, mstari kwa mstari, yeye na kidole chake chenye mafuta ya samaki, mimi na jasho langu. Katika siku kumi na saba, nilizosikiliza kweli kuanzia mwanzo hadi mwisho zilikuwa nne. Nne tu! Zile nyingine kumi na tatu, aliyenyamaza nilikuwa mimi.

"Sikia, papa," akaniambia. Aliniita papa kama mama zetu wanavyowaita wana wao, na upole huo uliniumiza kuliko kofi. "Kaka yangu asipotega nyavu, harudi nyumbani kuniambia mto hauna samaki. Anasema, leo sikutega. Ni aibu kwake. Lakini nikijua hakutega, najua la kufanya kesho. Weye umeniambia mto hauna samaki."

"Nilitaka daftari lijae, mama."

"Lijae nini? Onorable ana watu wake, wana karatasi zao. Ungesimama pale useme hakusema neno, angetoa karatasi moja tu. Moja! Angesema, mnaona, akina mama wa samaki wametuma mwongo. Na sisi tuko na nafasi hii moja, kisha mpaka mwaka mwingine. Vizuizi vingebaki, na tungebaki na daftari yako nzuri."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sikuwa nimechezea jina la mbunge peke yake. Nilichezea kinywa cha akina mama wale, kwa kuwa waliniazima kinywa chao.

Akanipa kalamu ya mtu aliyesimama kando. Mbele yao wote nikafuta, na kwenye mistari kumi na mitatu nikaandika neno jipya: "sikusikia." Kwenye kura nikaandika "sikuona." Ukurasa ukawa mchafu kama uwanja baada ya mpira wa mvua. Kambale akavuta kigoda, akaanza kutoa alichokikumbuka. Akatafutwa katekista mmoja ambaye naye husikiliza bunge, akaleta yake. Alichokumbuka mmoja peke yake tuliandika jina lake pembeni. Waliposhuhudia wawili, tuliandika "tumesikia." Wote wawili walikuwa wamesikia habari ya vizuizi, na wote wawili walisema waziri aliahidi kujibu. Lakini jibu lenyewe? Kambale hakulisikia. Katekista hakulisikia.

Mama Lituka akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. "Bon," akasema. "Swali letu si lile tena."

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa hadi watu wakakaa madirishani kama kunguru. Mheshimiwa aliingia akipunga mkono, mwili umeongezeka kidogo kwa hewa ya Kinshasa, na nyuma yake katibu ana bahasha. Toleka walikuwa wamefanya kazi yao: habari za daftari zilimfikia. Aliponitazama, alitabasamu kama paka aliyeona mlango wa jikoni wazi.

Nikasimama. Nikafungua daftari. Nikasoma: "Mheshimiwa, katika vikao tulivyofuatilia, siku tisa tulikusikia ukisema. Siku moja zaidi wengine wawili walikusikia, ndiyo siku uliyouliza juu ya vizuizi vya mtoni kama ulivyoahidi, na tunakushukuru. Siku nne tulisikiliza na hukusema. Siku kumi na mbili hatujui, kwa sababu mwandishi hakusikiliza. Betri zilikufa."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Mheshimiwa naye akacheka, lakini nikaona katibu ameganda, bahasha imefunguliwa nusu. Ndani, nilijua baadaye, mlikuwa na ile hotuba ya siku ya mvua, ina muhuri, neno kwa neno. Haikuwa na kazi tena. Huwezi kumtolea silaha mtu aliyekwisha kukupongeza.

Kicheko kilipotulia nikaendelea: "Siku hiyo waziri alisema atajibu. Hatujasikia jibu, na hatujui kama lilitolewa. Tunauliza: jibu liko wapi?"

Mheshimiwa akamgeukia katibu, katibu akatazama bahasha yake. Alikuwa amejiandaa kuthibitisha kwamba aliuliza. Habari ya kujibiwa hakuwa ameifikiria. "Jibu," akasema mwishowe, "halijafika."

"Alors, onorable," ikatoka sauti ile ya kuvuka mto, na Mama Lituka akawa amesimama, "utamufuata lini? Taja, huyu mutoto aandike. Safari hii tutamupa betri."

Watu wakapiga makofi, wakapiga miguu, nafikiri na parokia ya jirani ilisikia. Mheshimiwa akatazama huku na huku, akasema ataulizia katika mwezi wa kwanza wa kikao cha Septemba. Nikaandika palepale, nikamsomea, akasema ndivyo.

Na aliuliza, mwanangu. Nilimsikia kwa masikio yangu, na Kambale ameketi kulia kwangu, redio yake katikati yetu. Jibu likaja likikokota miguu, na baada yake vizuizi viwili vikaondolewa. Viwili vikabaki, sitakudanganya. Lakini samaki wa Yanonge wakaanza kufika asubuhi wakiwa na macho maangavu, na Mama Lituka kila Jumamosi akaniwekea mmoja mkubwa. Mkubwa kiasi gani? Nilipomla, lituma, zile ndizi za kupondwa, sufuria nzima iliisha na kichwa bado hakijaguswa.

Jana umenionyesha simu yako na kundi lenu la vijana mnaofuatilia wabunge: rangi ya kijani kwa aliyesema, nyekundu kwa aliyenyamaza. Nimefurahi, kazi hii ni njema na watu wanaihitaji. Ila nimekuuliza siku zile ambazo mtandao ulikatika mmeziweka rangi gani, ukaangalia pembeni. Ndiyo maana nimekuita leo.

Nasaha yangu ni hii. Ongezeni rangi ya tatu, ya mambo msiyoyajua, wala msiionee haya hata ikijaa ukurasa. Aliyesema, andikeni alisema nini. Kuna anayesema kila siku na hakuna kinachotoka. Aliyenyamaza, hakikisheni kwanza mlikuwepo mkisikiliza, na mtafuteni wa pili aliyesikiliza nanyi. Penye kura ya mikono, mtafuteni aliyeiona mikono. Mkikosea, futeni hadharani, kalamu ionekane. Mbunge akitimiza, mwambieni mbele za watu kama mnavyomwambia akishindwa, maana mtu anayesifiwa kwa haki hupata tabu kukwepa swali linalofuata. Na kabla ya yote, kumbukeni mnaandika kwa niaba ya nani. Kwangu mimi walikuwa akina mama wenye samaki juani. Watafute wako, wajue kwa majina.

Basi nenda, mwanangu, kazi iko. Mungu akujalie masikio mapana, mkono mwepesi na marafiki wa kukusahihisha wakicheka. Akupe uzee wenye furaha kama huu wangu, ushibe samaki wa mto wetu, na siku utakayosimama mbele ya wakubwa, uwe na ukweli wako wote mkononi, hata ukiwa mdogo.