Dada Chuma, Mtengeneza Mishumaa Aliyeumwa

Alizaliwa tarehe 9 Februari 1974, katika chumba cha nyuma cha duka la viatu, mtoto wa kwanza na wa mwisho wa fundi viatu na mkewe mfua nguo. Wazazi wake walikuwa Wakristo wa kawaida, wa kukaa viti vya nyuma, na hakuna malaika aliyewatokea kabla ya uzazi wala nyota iliyosimama juu ya bati lao. Nalisema hili mapema kwa sababu kamati ya kumbukumbu yake ilinikabidhi karatasi mbili zilizojaa ishara za kuzaliwa kwake. Nimemuuliza kila aliyekuwapo, na wote wamecheka. Mimi ninayeandika ni mtawa, muuguzi wa zahanati ya parokia, na nilimfahamu kwa miaka kumi na mitano. Ishara ya kwanza iliyothibitika ni ya siku ya ubatizo. Maji yalipomgusa utosini alipiga ukelele uliowasimamisha wanakwaya, na alipofutwa kwa taulo laini ukelele ukazidi, hata mama yake wa ubatizo akamrudisha haraka kwa wazazi, aibu imemjaa usoni. Alinyamaza pale tu mama yake alipombana kifuani kwa nguvu zote, nguvu ambazo zingemliza mtoto mwingine. Waumini wakasema mtoto huyo ana hasira, wakaenda zao kula.

Alipokuwa na umri wa miaka mitatu alikanyaga msumari mdogo wa kiatu katika duka la baba yake, ukazama wote kisiginoni, naye akashinda nao kutwa nzima akitembea na kucheza. Mama yake aliugundua jioni alipokuwa akimwosha, baada ya maji ya beseni kubadilika rangi. Mtoto hakuwa amelia hata mara moja. Mtoto huyohuyo, asubuhi ile, alikuwa ameangua kilio kwa sababu ya mshono wa soksi. Fundi viatu alishika kichwa. Mkewe, mwanamke wa maneno machache, alipiga moyo konde akaanza desturi ambayo hakuiacha hadi kufa kwake. Kila jioni alimkagua binti yake kuanzia visigino hadi utosini, kwa kiganja kizito, kwa maana mguso mwepesi ulimuunguza mtoto na mguso mzito ulimtuliza. Aliangalia kati ya vidole, nyuma ya magoti, chini ya ulimi. Aligundua pia jambo moja ambalo kama sisi wengine tungelijua, nisingekuwa naandika kurasa hizi. Aligundua kwamba mtoto alipokuwa na jeraha hakulia wala hakukunja uso, bali alikwenda kwenye makopo ya baba yake, akaimwaga misumari yote, akaipanga kwa urefu, akaichanganya, akaipanga tena.

Shuleni alikaa miaka minne. Mwalimu wake wa darasa alimchapa fimbo kwa kosa la kutomtazama machoni, na kwa kuwa hakulia alihesabiwa kuwa jeuri, akaongezewa. Lakini chaki ilipokwaruza ubao alijificha chini ya dawati na kuziba masikio, na darasa zima likavunjika mbavu. Wanafunzi ndio waliomwita Chuma. Lilikuwa jina la dhihaka, tusidanganyane, ingawa leo limetiwa nakshi katika marumaru. Mama yake hakulitamka hata siku moja, alimwita mwanangu, na alipomtoa shuleni alimwambia mwalimu maneno ambayo mwalimu mwenyewe, sasa mzee, alinirudishia huku akifuta miwani: "Umempiga wiki nzima ukisubiri alie. Mimi nimemwosha wiki nzima. Njoo siku moja umwoshe wewe."

Wito wake ulimjia akiwa na miaka kumi na sita. Mama yake alikuwa akifua nguo za altare, na siku moja alimwacha binti katika karakana ya mishumaa nyuma ya kanisa akienda kuanika. Aliporudi alimkuta amesimama mbele ya sufuria ya nta, akimtazama sista mzee msimamizi akichovya tambi, akizitundika, akizichovya tena. Akaomba ajaribu. Mishumaa yake ya kwanza ilitoka yote sawa kwa unene, jambo ambalo yule sista alikuwa amelitafuta kwa miaka ishirini bila kulipata. Alipoulizwa kama angependa kufanya kazi pale, alitazama meza, kamba za kutundikia, mlango mmoja na dirisha moja, akasema, "Hapa hakuna anayenishika." Hayo ndiyo maneno ya wito wake. Najua kamati ingependa maneno mengine.

Jaribu kubwa la maisha yake lilikuja mwaka 1996, siku ya Kipaimara. Alikuwa amechelewa kukipokea, na paroko alisisitiza. Askofu alipompaka mafuta kwenye paji la uso kwa ncha ya kidole gumba, alipiga kelele, akausukuma mkono ule mtakatifu na kukimbilia nje. Watu walinong'ona, na Jumamosi iliyofuata kikundi cha maombi kilimwita ukumbini ili atolewe pepo. Wanne walimshika chini tangu saa tatu asubuhi hadi adhuhuri, wengine wakimpapasa kichwa na mashavu kwa upole, kwa upendo kabisa, na kila mguso ukamtoa sauti ambayo sijapata kuisikia hata chumba cha kuzalia. Kiongozi wa maombi alifoka, "Toka! Toka ndani yake!" Naye akajibu, "Niachieni ngozi yangu." Kisha akauma mkono wake mwenyewe hadi damu ikatoka, na alipouma akatulia, nasi tukapiga makofi tukidhani pepo ametoka. Mguu wake wa kushoto niliushika mimi.

Miaka mitano baadaye tukamfanya mtakatifu. Ilikuwa siku ya kazi nyingi. Kigae cha jiko kilivunjika, sufuria ikapinduka, na nta iliyochemka ikamwagikia mikono yake yote miwili hadi viwiko. Mashahidi sita waliona. Aliisimamisha sufuria, akamaliza safu ya mishumaa iliyobaki, akaitundika, ndipo akaenda bombani. Sista mzee alianguka magotini. Jumapili ile paroko alihubiri juu ya mashahidi wa imani waliocheka ndani ya moto, na kabla ya misa ya pili kwisha watu walikuwa wamejaa mlangoni mwa karakana. Walitaka kumwona asiyeumwa. Mke wa mwenyekiti wa jumuiya, mama wa watu mwenye heshima zake, alimchoma kwa pini ya nywele mgongoni apate kuhakikisha, akatoka nje akilia kwa furaha. Mfua nguo alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akawafukuza wote: "Mwanangu si sarakasi! Nendeni mkachomane nyumbani kwenu!"

Siku tatu baada ya ajali ile, mama na binti walikuja zahanati. Binti alikaa kitini na mikono yake iliyofungwa, akaniambia, "Mikono imeanza kupiga kelele." Maumivu yalikuwa yamefika, ila yalikuwa yamechelewa njiani. Nilimpa dawa. Mama alibaki nyuma, akafunga mlango.

"Sista," akasema, "nataka nikuachie neno. Mimi si wa milele. Huyu akiumwa, usimtazame usoni, utapotea. Tazama mikono yake. Ukimwona anapanga vitu, anavuruga, anapanga tena, ujue kuna kitu kibaya mwilini. Kitafute mpaka ukipate. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama," nikajibu. "Usiwe na wasiwasi."

Nilikuwa na foleni ya watu thelathini nje. Sikuliandika popote.

Mfua nguo alifariki mwezi Mei 2008. Baba alikuwa ametangulia. Tulimzika kwa heshima, tukamchangia binti chakula na mablanketi, na mishumaa yake ikazidi kutafutwa. Jambo ambalo hakuna aliyelifikiria ni beseni la jioni. Kwa miaka thelathini na moja mwili ule ulikuwa na mlinzi, na tangu jioni ile haukuwa naye tena. Sisi tulikuwa tukimpisha njia kwa unyenyekevu.

Jumatatu tarehe 10 Agosti 2009 alikuja zahanati, akapanga foleni kama kila mtu, na zamu yake ilipofika akasema, "Tumbo si langu leo."

"Linauma?" nikamuuliza.

Alifikiri sana. Hakuwahi kusema uongo, hata ule mdogo wa adabu. "Sijui," akasema. "Si langu."

Nilimlaza, nikalibonyeza. Nilimtazama usoni. Uso ulikuwa shwari, macho dirishani. Mgonjwa yeyote mwingine angeruka kutoka kitandani. Nilimwambia avae, nikageuka kuandika, na nilipoinua kichwa nilikuta ameanza kupanga chupa za dawa mezani pangu, ndefu hadi fupi. Alizivuruga akazipanga kwa rangi za vifuniko. Akazivuruga tena.

"Dada," nikasema, na sikuficha hasira yangu, "acha chupa zangu."

Akaacha. Nilimpa vidonge vya kiungulia, na katika daftari nikaandika: hana maumivu. Maneno hayo mawili yapo hadi leo, kwa mwandiko wangu mzuri. Jumanne alirudi, akasimama mlangoni, akasema, "Bado si langu," nami nikamwambia vidonge vinahitaji muda. Jumatano hakuja. Alhamisi asubuhi mteja wa mishumaa alisukuma mlango wa karakana akashindwa kuingia, kwa sababu sakafu yote, kutoka ukutani hadi kizingiti, ilikuwa imetandazwa mishumaa ya wiki nzima, mamia yake, imepangwa kwa urefu, safu kwa safu, na yeye amelala pembeni ya safu ya mwisho, mshumaa mmoja mkononi. Niliitwa. Nilisimama pale kizingitini na maneno ya mama yake yakanirudia yote, neno kwa neno. Nilipiga yowe.

Katika hospitali kubwa walimpasua siku hiyohiyo. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka siku mbili nyuma na usaha umeenea kote. Alifariki Ijumaa tarehe 14 Agosti, saa tisa alasiri, akiwa na miaka thelathini na mitano. Neno lake la mwisho aliniambia mimi, nilipotaka kumshika kiganja. Alisema, "Kwa nguvu." Nilimbana kwa nguvu hadi mwisho. Daktari aliyempasua alinikuta koridoni, akaniuliza kama ndugu hawakujua kwamba mgonjwa alikuwa na usonji. Nilisema neno hilo nalijua kwa kusoma tu. "Wenye usonji hawafanani, sista," akasema, amechoka, bado na kofia ya upasuaji. "Mmoja unamgusa kidogo tu anaungua. Mwingine anavunjika mfupa anatembea nao. Na mwingine ni yote mawili, kama huyu. Lakini kutolia si kutoumwa. Hakuna aliyewahi kumkagua?" Nikamwambia, "Alikuwapo mmoja. Amekufa."

Tangu hapo kaburi lake halikosi watu. Yapo maajabu yaliyoandikwa, nami nimeyasoma kwa heshima: mama aliyejifungua bila uchungu akiwa ameshika mshumaa wake, mwashi aliyeangukiwa na tofali akainuka. Sina la kuyapinga. Mwenyekiti wa kamati, ambaye ndiye yule wa jumuiya, alipousoma mswada huu aliniita ofisini. "Sista, hayo ya chupa yatoe," akasema. "Na ya pini ya nywele, tafadhali, mke wangu bado yu hai. Watu wanataka kutiwa moyo." Nilikataa, na kitabu hiki kinachapwa bila muhuri wao. Kwenye jiwe lake la kaburi wameandika kwamba hakujua maumivu. Kila tarehe 14 Agosti kusanyiko linaimba, "Dada asiyeumwa," na watu wote wanaitikia, "Utuombee." Mimi nimo katikati yao, na siitikii. Nasema polepole, aliumwa. Sijui kama Mungu amenisamehe. Yeye sikuwahi kumwomba radhi, na mama yake naogopa hata kumwota.

Mwaka jana, katika kumbukumbu hiyo, bibi mmoja kutoka parokia ya mbali alinijia na mjukuu wake wa kike wa miaka kama sita, kumshukuru Dada Chuma. "Huyu wangu naye amejaliwa," akaniambia, uso umejaa nuru. "Haumwi kabisa! Mtazame usoni, sista." Wakati huo kengele ililia na paroko akaniita nikabebe matoleo. Nilipogeuka nayo mikononi nilimwona mtoto amechuchumaa kando ya kaburi, katika viatu vyake vyeusi vilivyofungwa kamba hadi juu, akipanga kokoto kwa ukubwa. Alizipanga, akazivuruga, akazipanga tena. Niliyatupa matoleo chini, lakini umati ulikuwa mnene, na nilipofika kaburini nilikuta kokoto tu, zimenyooka kuanzia kubwa hadi ndogo. Nililifukuza basi lao hadi barabara kuu, nikaligonga kwa viganja, likaenda. Nimeandikia parokia zote ninazozijua. Hakuna aliyejibu.

Kwa hiyo, wapendwa waumini, mkitaka mfano wa kuiga katika maisha haya msiuchukue kwenye nta. Uchukueni kwenye beseni la mfua nguo. Na kama kitabu hiki kimeanguka mikononi mwako wewe, bibi uliyekuja na mjukuu, au jirani yako, au katekista wako, usiendelee kunisoma, usiwashe mshumaa, usisali kwanza. Mvue mtoto viatu.